UZI: Stesheni ndogo ya treni. Nani analipa, nani anaamua?

1/ Mjadala wa reli ukipamba moto hapa mtandaoni, lazima mtu mmoja alete ile stori ya Japani: ati kuna stesheni ndogo mashambani ambako treni iliendelea kusimama kwa sababu ya msichana mmoja wa shule. Halafu anamalizia, "Na sisi huku Kajiado je?" Leo tuifungue hiyo stori vizuri, halafu tuirudishe nyumbani.

2/ Sheria za uzi huu ni zilezile. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Tunapima hoja tu, maana hoja hizi zitarudi tena na tena tukielekea Agosti 2027, na mgombea wa upande wowote anaweza kuzitumia. Ukiona hoja inafanana na ya mtu wako, hiyo ni juu yako.

3/ Tuanze na ukweli wenyewe. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, kuna njia ya reli inayoitwa Sekihoku. Katika eneo la Shirataki kulikuwa na stesheni ndogo tatu: Kami-Shirataki, Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki. Stori iliyozunguka dunia mwanzoni mwa 2016 ilitaja Kami-Shirataki. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa anatumia Kyu-Shirataki, jirani yake.

4/ Zote tatu zilifutwa tarehe 26 Machi 2016, siku ambayo ratiba mpya ya treni ilianza kutumika. Japani mwaka wa shule huisha Machi, mpya huanza Aprili. Kwa hivyo msichana alimaliza shule na stesheni ikafungwa mwezi huohuo. Utamu wa stori ulitoka hapo, na watu wakaanza kusema kampuni nzima ilimsubiri yeye tu.

5/ Sasa angalia kitu ambacho watu huruka. Reli haikuwa pale kwa ajili ya mtu mmoja. Treni za mwendo wa haraka za kuunganisha miji zilikuwa zinapita njia hiyohiyo, na bado zinapita. Reli ipo, madaraja yapo, dereva yupo, treni ya kawaida inapita. Kilichobaki ni swali dogo sana: isimame hapa dakika moja, au ipite?

6/ Hili ndilo somo la kwanza, lishike vizuri. Reli ina gharama mbili tofauti. Kuna gharama ya NJIA: mataruma, madaraja, ishara, mafundi wa kukagua, injini. Hiyo unalipa hata kama behewa ni tupu. Halafu kuna gharama ya KUSIMAMA: jukwaa, taa, kibanda, mtu wa kufagia, dakika chache za ratiba.

7/ Gharama ya njia ni kubwa, ya kusimama ni ndogo. Kwa hivyo kufunga stesheni moja ndogo kwenye njia inayofanya kazi hakuokoi pesa nyingi. Na kufungua stesheni kwenye njia ambayo haina treni ya abiria hakugharimu jukwaa peke yake. Unaanza kulipia treni yenyewe, na pengine hata njia.

8/ Ndiyo maana kulinganisha Shirataki na Kajiado kwa sentensi moja hakufai. Huko swali lilikuwa, "Treni inayopita tayari isimame?" Huku swali ni, "Treni ya abiria itoke wapi, na nani aiendeshe?" Hayo ni maswali mawili yenye bei tofauti kabisa.

9/ Somo la pili la Japani ni nani aliyekuwa anaamua. Shirika la reli la taifa lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1987 likawa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Kampuni zenye miji mikubwa kama Tokyo zina abiria wa kujaza treni asubuhi na jioni. Kampuni ya Hokkaido ilirithi theluji, umbali mrefu na vijiji vinavyopungukiwa na watu.

10/ Novemba 2016, miezi michache tu baada ya stori ya msichana kutulizana, kampuni hiyohiyo ya Hokkaido ilitangaza hadharani kwamba haiwezi peke yake kutunza karibu nusu ya njia zake zote. Yaani kampuni tuliyoisifu kwa huruma ilikuwa inaomba msaada. Hiyo sehemu ya pili haikusambaa sana.

11/ Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Kampuni na serikali za miji zilikaa mezani, njia kwa njia. Miji mingine ilikubali kulipia matunzo ya stesheni zake ndogo ili zisifungwe. Mji wa Yubari, ambao migodi yake ya makaa ya mawe ilikuwa imefungwa na serikali ya mji yenyewe kufilisika, ulifanya kinyume: ulikubali reli yake ifungwe, kwa masharti.

12/ Masharti yalikuwa kwamba kampuni ya reli isaidie kugharamia usafiri wa mabasi mahali pa treni. Njia ilifungwa mwaka 2019. Unaweza kukubaliana na Yubari au kukataa, lakini ona walichokifanya: waliweka bili mezani, kila mtu akaona nani analipa nini na anapata nini.

13/ Sasa turudi nyumbani. Kajiado mjini kuna reli. Wengi wetu wa Kitengela tunapita kwenda Namanga bila kuiwazia. Ni njia ya Konza hadi Magadi, karibu kilomita 146, ambayo ilikuwa imefika Magadi kufikia 1915. Inatoka kwenye reli kuu ya Mombasa pale Konza, inapita Kajiado, halafu inateremka Bonde la Ufa hadi ziwani.

14/ Ilijengwa kwa nini? Jibu liko kwenye jina la ziwa. Magadi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911, na magadi hayo hutumika kutengeneza glasi, sabuni na vitu vingine viwandani. Mzigo ulitakiwa kufika bandarini Mombasa. Reli ikafuata mzigo. Kajiado ikawa stesheni kwa sababu iko katikati ya ziwa na bahari.

15/ Ukitazama tarehe utaona kitu kingine. Mkataba wa 1904 kati ya Waingereza na Wamaasai uliwahamisha watu na mifugo kwenda maeneo mawili, mbali na reli na mbali na ardhi iliyotengwa kwa walowezi. Mkataba wa 1911 ukawatoa wale wa Laikipia wakaletwa kusini. Wamaasai walipeleka kesi mahakamani 1913, wakashindwa.

16/ Kwa hivyo watu waliambiwa wakae mbali na reli, halafu kabla hawajatulia reli nyingine ikawafuata hukohuko kusini kubeba magadi. Hakuna aliyeuliza mwenyeji anataka treni isimame wapi. Simwambii mtu akasirike na historia. Nasema tu kwamba njia hii haikupangwa kwa ajili ya abiria wa Kajiado, na ramani yake inaonyesha hivyo mpaka leo.

17/ Chukua hiyo ramani. Barabara ya Nairobi kwenda Kajiado inapita Athi River, Kitengela, Isinya, halafu Kajiado. Reli haifuati hapo. Kutoka Kajiado inaenda upande wa mashariki hadi Konza, ndipo unashika reli kuu kurudi Nairobi. Ni kama pembetatu: barabara inakata upande mmoja, reli inazunguka pande mbili.

18/ Maana yake ni mambo mawili ambayo hutayasikia kwenye mkutano wa kampeni. Moja, treni ya Kajiado kwenda Nairobi kwa njia ya sasa inashindana na matatu inayotumia njia fupi. Mbili, treni hiyo HAIPITI Kitengela mjini kabisa. Mtu akikuahidi "kufufua reli ya Kajiado" kama dawa ya foleni ya Kitengela, mwambie akuchoree ramani.

19/ Mtu wa Kitengela akitaka treni, stesheni zilizo karibu naye ni za Athi River. Na Athi River iko kaunti ya Machakos. Kwa hivyo stesheni inayoweza kuwafaa maelfu ya wakazi wa Kajiado haiko Kajiado. Viongozi wa kaunti mbili wasipoongea, barabara ya kufika stesheni inabaki yatima, kila upande ukisema si yake.

20/ Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "Lakini tuna SGR!" Ni kweli. Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 31 Mei 2017, kilomita 472. Awamu ya pili hadi Suswa ilifunguliwa Oktoba 2019, kilomita 120, nayo ina stesheni mbili ndani ya kaunti yetu: Ongata Rongai, ambayo iko pande za Tuala, na Ngong.

21/ Ila SGR ni reli pana, milimita 1,435. Njia ya Magadi ni ya mita moja, ile ya zamani. Treni ya huku haiwezi kutembea kule. Mwanasiasa akisema "tutaunganisha Kajiado na SGR", anaweza kuwa anamaanisha reli mpya kabisa, au basi la kukupeleka Tuala. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni mabilioni ya shilingi.

22/ Sasa tupime hoja nne ambazo hurudiwa kila mara. HOJA YA KWANZA: "Stesheni ndogo ni hasara, ifungwe." Ina ukweli. Pesa ya umma ikienda kwenye treni tupu, haiendi kwenye dawa. Lakini muulize anayesema hivyo: hasara ya njia, au hasara ya kusimama? Mara nyingi bili ya njia nzima huwekwa juu ya kichwa cha stesheni moja.

23/ Tena, hatutumii kipimo hicho kwa barabara. Hakuna anayeuliza kama barabara ya Isinya ilipata faida mwaka jana. Barabara tunazilipia kwa tozo kwenye mafuta: ilikuwa shilingi 18 kwa lita, ikapanda hadi 25 mwaka 2024. Kila ukipanda matatu umechangia. Barabara tunaiita huduma, reli tunaiita biashara. Huo ni uchaguzi wa kisiasa.

24/ Na reli nayo tunailipia hata kama hatuipandi. Tangu 2013 kuna Tozo ya Maendeleo ya Reli kwenye bidhaa zinazotoka nje. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, na kiwango kimebadilika mara kadhaa. Simu yako, mchele wa kutoka nje, vipuri vya bodaboda: umechangia. Kwa hivyo mkazi wa Kajiado anayeuliza "treni yangu iko wapi" haombi bure.

25/ HOJA YA PILI: "Usafiri ni haki yetu ya kikatiba." Polepole hapo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Usafiri haumo. Kifungu cha 39 kinakupa uhuru wa kwenda unakotaka, lakini hakimlazimishi mtu akubebe. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuweza kutumia usafiri wa umma.

26/ Hoja yenye nguvu zaidi iko Kifungu cha 201, kwenye kanuni za fedha za umma: mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na matumizi yasukume maendeleo kwa usawa, pamoja na kuyafikiria maeneo yaliyoachwa nyuma. Ukitaka kudai treni, simama hapo. Sema, "Tumelipa, tuonyesheni mgao wetu." Ni hoja ngumu kuikwepa kuliko "ni haki yangu".

27/ HOJA YA TATU: "Barabara ipo, treni ya nini?" Aprili 2024 Mto Athi ulifurika na barabara ya Kitengela ikakatika. Watu waliokolewa majini, wengine wakakwama upande huu au ule, kazi na wagonjwa wakiwa ng'ambo. Mji mkubwa unaotegemea daraja moja kufika kazini uko kwenye hatari, na hatari hiyo haionekani kwenye hesabu ya nauli.

28/ Lakini tuwe wakweli: treni yoyote ya kutusaidia nayo ingehitaji njia ya kutufikisha stesheni, na reli nazo husombwa na maji. Njia ya pili ina maana tu ikiwa haifeli siku ileile na ya kwanza. Hilo ni swali la wahandisi, lijibiwe kwa ripoti iliyo wazi kwa umma. Makofi ya mkutanoni hayalijibu.

29/ HOJA YA NNE: "Ni urithi wetu, tuihifadhi." Hii huwagusa wazee, na sioni aibu kusema hunigusa pia. Lakini kutunza jengo na kuendesha treni ni bajeti mbili. Stesheni inaweza kuwa maktaba, soko au makumbusho na ikawa hai bila treni. Mtu akichanganya haya mawili, anaweza kukata utepe kwenye jengo lililopakwa rangi na wewe usipate treni.

30/ Na hata treni ikirudi, angalia ratiba. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki ilirudi Desemba 2020, ya Kisumu ikarudi Desemba 2021. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Lakini ile ya Nanyuki ilirudi kama treni ya wikendi: kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Kwa mtalii au anayeenda ushago, safi. Kwa mtu wa kazi ya kila siku, haimsaidii Jumatatu asubuhi.

31/ Kwa hivyo neno "kufufua" lisikutoshe. Treni moja kwa wiki ni kufufua. Treni nne kwa siku pia ni kufufua. Msichana wa Hokkaido alikuwa na treni inayoendana na saa za shule. Bila saa hizo, hata stesheni nzuri namna gani ingekuwa kibanda tu cha kupigia picha kwenye theluji.

32/ Sasa, nani ana mamlaka? Fungua Jedwali la Nne la Katiba. Reli ziko kwenye orodha ya serikali ya KITAIFA. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hivyo mgombea wa ugavana akikuahidi treni, anaahidi kitu ambacho ofisi yake haina. Kifungu cha 187 kinaruhusu kazi kuhamishwa kwa makubaliano, lakini makubaliano huandikwa.

33/ Ongeza na hili: hata kwa serikali ya kitaifa, njia ya Magadi si kama kiwanja kilicho wazi. Kampuni ya magadi, ambayo tangu 2005 iko chini ya Tata Chemicals ya India, imekuwa na kampuni tanzu yake ya reli. Shirika la Reli la Kenya nalo lipo, tangu 1978. Treni ya abiria ikitaka kupita, kuna mikataba ya kusoma na ratiba ya mizigo ya kuheshimu.

34/ Hiyo si lazima iwe kikwazo. Kumbuka somo la kwanza: mzigo ukilipia njia, abiria analipia kusimama tu. Behewa la abiria kwenye njia inayotunzwa kwa ajili ya magadi linaweza kuwa nafuu kuliko reli mpya. Linaweza pia kuwa la polepole na la kuchelewa, kwa sababu magadi yatapewa kipaumbele. Hesabu hiyo ifanywe hadharani, na kampuni, shirika na wakazi wote wakiwa mezani.

35/ Je, gavana hana lolote la kufanya? Analo, na ndilo nataka tumshike nalo. Barabara ya kufika Tuala na Ngong. Taa za kutembea salama saa moja jioni. Steji iliyopangwa mlangoni mwa stesheni. Maegesho. Mazungumzo na Machakos kuhusu Athi River. Hivi vyote viko kwenye orodha yake, na vinaweza kuandikwa kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano.

36/ Mbunge naye? Kazi yake ni kuuliza Bungeni, kupitisha bajeti na kukagua tozo imeenda wapi. Hajengi reli. Ukisikia mbunge anaahidi stesheni, mgeuzie ahadi iwe swali: "Utauliza nini kamati ya uchukuzi, na lini?" Tukimpima kwa kazi yake halisi, hana pa kujificha.

37/ Kwa hivyo, maswali matano ya kubeba mfukoni ukienda mkutanoni. Moja: ni reli IPI, ya Magadi, ya zamani ya Athi River, SGR, au mpya? Mbili: ni ya NANI, na umeongea naye? Tatu: HASARA atalipa nani, kwa miaka mingapi? Nne: treni NGAPI kwa siku na saa ngapi? Tano: nitafikaje STESHENI kutoka nyumbani?

38/ Mgombea akijibu matano, msikilize hata kama si wa upande wako. Akijibu mawili, mpe muda. Akijibu sifuri halafu akakuimbia wimbo, basi umepata burudani. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lolote lina mlipaji. Kabla hujapiga makofi, jua kama mlipaji ni wewe.

39/ Na usisubiri kampeni. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuandikia ofisi ya umma ukiomba taarifa, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili. Uliza: kuna utafiti wowote wa treni ya abiria njia ya Konza–Magadi? Kuna makubaliano gani ya matumizi ya njia hiyo? Barua moja ya kurasa moja inatosha.

40/ Nimalizie na ile stori tuliyoanza nayo. Ukiileta tena kwenye mjadala, ilete yote: treni iliyokuwa inapita tayari, ratiba iliyoendana na shule, kampuni iliyokiri imelemewa, na miji iliyoulizwa itachangia nini. Huruma ilikuwepo pengine. Lakini kilichomfikisha mtoto shuleni kila asubuhi ni ratiba iliyolipiwa. Kajiado tudai hiyo.

41/ Uzi umeisha. Kama unaishi karibu na njia ya Magadi, Tuala, Ngong au Athi River, niandikie hapa chini: ukipewa treni moja tu kwa siku, ungetaka ipite saa ngapi na ikupeleke wapi? Nitakusanya majibu kwa uzi unaofuata. Na kama una mtu ambaye kila mwezi analeta stori ya Japani, mtumie hii.